Sigareti ya umeme: ni dawa ao ni biashara?



Kuna swali moja ambalo linarudi mara kwa mara mbele ya munganga: «Mimi nataka kuacha tumbako. Mutu mumoja amenionyesha sigareti ya umeme, anasema ni dawa. Je, ni kweli?» Swali ni zuri, lakini mara nyingi anayelijibu wa kwanza ni yule anayeuza kitu. Basi tuangalie kwanza kitu chenyewe, halafu tuangalie pesa inaingia katika mufuko wa nani.

Jani la tumbako lina nikotini. Mutu akivuta moshi, nikotini inapita katika mapafu, inaingia katika damu, na inafika katika bongo kwa sekunde kama 10 mpaka 20. Hata sindano ya mukononi haifiki mbio vile. Bongo inasikia raha kidogo, inazoea, halafu inaanza kudai. Kisha saa 2 hivi, nusu ya ile nikotini imekwisha kutoka katika damu. Hapo mutu hatulii, anakasirika bure, anaangalia saa, anangoja mapumziko. Anavuta ingine, anasema: «Inanituliza.» Ndiyo, inamutuliza, sawa vile deni mupya inavyomutuliza mutu aliyekopa kwa wakopeshaji wa kambini: anakopa leo kusudi alipe ya jana. Sigareti ya saa nne inaondoa taabu iliyoletwa na sigareti ya saa mbili, basi.

Lakini nikotini siyo inayoua sana. Nikotini ni kamba. Inayoua ni moshi. Munganga mumoja wa Uingereza, Michael Russell, aliandika jambo hilo mwaka 1976: watu wanavuta kwa ajili ya nikotini, lakini wanakufa kwa ajili ya gudroni. Moshi wa tumbako una gudroni inayoleta kansa, na una ile gazi inayoua watu wanaolala na mbabula ya makala katika chumba kilichofungwa. Gazi hiyo inachukua nafasi ya hewa safi katika damu, na moyo unalazimishwa kutumika zaidi.

Kwa sisi watu wa shimo na wa usine, kuna jambo lingine. Mapafu yetu yanapambana tayari na vumbi la mawe. Vumbi la silika linakata mapafu polepole na kufungulia kifua kikuu mulango. Ndani ya mapafu kuna nywele ndogo sana zenye kufagia vumbi na kulipandisha juu kusudi tulikohole. Moshi wa tumbako unazilemaza. Mutu anayevuta anafunga kazi ya wafagiaji wake mwenyewe, halafu anashuka katika vumbi. Na wale waliotumika katika mashimo ya uranium huko Marekani wameonyesha jambo la kuogopesha: gazi ya radoni na sigareti zikikutana katika kifua kimoja, hatari ya kansa inapita ya kila moja peke yake mara nyingi.

Sasa tuje kwa sigareti ya umeme. Yule aliyeitengeneza sawa tunavyoijua leo ni Hon Lik, mutu wa China mwenye elimu ya dawa, katika mwaka 2003. Yeye mwenyewe alikuwa anavuta sana, na baba yake alikufa kwa kansa ya mapafu. Kitu chenyewe si cha ajabu: batri ndogo, waya unaopata moto, na maji mazito ya gliserini na propilene glikoli yaliyochanganywa na nikotini na harufu ya matunda ao ya minti. Waya unachemsha yale maji, mutu anavuta mvuke. (Katika batri hizo mara nyingi mna kobalti, na kobalti nyingi ya dunia inatoka hapa kwetu. Yaani mutu anaweza kuwa anavuta jasho lake mwenyewe.)

Hakuna jani linaloungua, kwa hiyo hakuna gudroni ya tumbako wala ile gazi ya mbabula. Ndiyo sababu waganga wengi wanakubali kwamba kwa mutu aliyekuwa anavuta sigareti, akibadilisha kabisa, anaingiza sumu kidogo zaidi kuliko mbele. Tuseme hivyo wazi, hatutaki kudanganya mutu. Lakini «kidogo zaidi» si «hakuna». Mvuke una vitu vingine vyenye kuumiza mapafu, na sigareti ya kawaida ilihitaji miaka makumi mbele ya kuonyesha maovu yake yote. Mutu anayebadilisha nusu, yaani anavuta mvuke asubuhi na sigareti kisha kazi, faida yake ni ndogo sana. Na kwa kijana ambaye hakuvuta hata siku moja, hiyo si mulango wa kutokea, ni mulango wa kuingilia.

Je, inasaidia kuacha? Katika mwaka 2019 waganga wa Uingereza walitangaza matokeo ya kazi yao juu ya watu 886 waliotaka kuacha. Wamoja walipewa sigareti ya umeme, wengine walipewa chingamu na plastari za nikotini, na wote walisaidiwa na mushauri kila juma kwa mwezi wa kwanza. Kisha mwaka mumoja, katika kila watu 100 wa sigareti ya umeme, 18 walikuwa wameacha tumbako. Kwa wale wengine, karibu 10. Sasa sikilizeni sehemu ambayo wauzaji hawasemi: katika wale walioacha kwa njia ya sigareti ya umeme, 80 kwa 100 walikuwa wangali wanavuta mvuke. Kwa wale wa chingamu na plastari, 9 kwa 100 tu walikuwa wangali wanazitumia. Wale wa kwanza walitoka katika moshi, lakini kamba ingali shingoni, na muuzaji angali na mushitiri wake.

Hapo ndipo pesa inapoingia. Kompani za tumbako zilijua mapema sana. Katika mwaka 1963 mutu wa sheria wa kompani Brown & Williamson aliandika ndani ya barua ya siri kwamba biashara yao ni kuuza nikotini, dawa yenye kufunga mutu. Miaka 31 kisha, tarehe 14 aprili 1994, wakubwa 7 wa kompani za tumbako za Marekani waliapa mbele ya wabunge kwamba hawaamini kuwa nikotini inafunga mutu. Kompani kubwa za tumbako, wakati moto wa sigareti ulipoanza kupungua katika inchi za matajiri, zilikimbilia mvuke. Mwezi wa desemba 2018, Altria, mwenye Marlboro kule Marekani, alilipa dola miliardi 12,8 kusudi apate sehemu 35 kwa 100 ya Juul, kompani ya sigareti ya umeme iliyokuwa imeshika vijana wa shule. Katika 2023 alitoka humo na hasara kubwa. Katika 2021 Philip Morris International ilinunua Vectura, kompani yenye kutengeneza dawa za kuvuta za wagonjwa wa mapafu. Ikaiuzisha tena mwisho wa 2024. Mwenye kuuza ugonjwa alitaka kuuza na dawa pia.

Lakini tusifikiri kwamba wenye kuuza dawa ni malaika. Chingamu ya nikotini ilizaliwa Sweden. Munganga mumoja wa mji wa Lund aliona kwamba mabaharia wa sumarini, ambamo kuvuta ni marufuku, walikuwa wanaweka tumbako kinywani kusudi watulie. Watu wa shimo wanaelewa jambo hilo bila kuelezwa. Ove Fernö, fundi wa dawa katika kompani Leo, akatengeneza chingamu. Ni kitu chenye kusaidia kweli. Lakini ilipoingia Marekani mwaka 1984, kompani iliyoiuza ilikuwa mutoto wa Dow Chemical, na Dow ilikuwa inauzisha Philip Morris dawa za kuzuia tumbako isikauke. Philip Morris ikasimamisha kununua, kwa sababu matangazo ya chingamu yalikuwa yanawaambia watu waache kuvuta. Na matangazo hayo yakapunguzwa ukali.

Halafu kuna sitisini, dawa inayotoka katika mbegu za muti mumoja wa Ulaya. Bulgaria imeiuza tangu 1964. Katika 2014 waganga wa New Zealand walionyesha kwamba iliacha nyuma plastari na chingamu: kisha mwezi mumoja, watu 40 kwa 100 walikuwa wangali bila sigareti, wengine 31. Bei yake ni ndogo. Je, ulikwisha kusikia jina lake? Kitu cha bei ndogo hakina mutu wa kukipigia ngoma.

Sasa mambo ya kazini. Sigareti ya umeme haishuki shimoni, haiingii katika depo ya baruti wala ya mafuta, hata ikiwa imezimwa. Batri yake ya lithium inaweza kupasuka na kuwaka. Waya wake ni moto. Usiitie katika mufuko mumoja na funguo ao misumari. Nyumbani, chupa ya maji ya nikotini iwekwe juu, mahali pa kufungwa: ina harufu ya tunda, na mutoto akiinywa anaweza kufa. Wala usinunue maji ambayo haijulikani yametoka wapi. Marekani, katika 2019 na mwanzo wa 2020, watu zaidi ya 2 800 waliingia hospitali na 68 walikufa. Wengi walikuwa wamevuta maji yenye bangi, yaliyochanganywa na mafuta ya vitamini E na kuuzwa kwa siri.

Mutu anayetaka kuacha anaweza kuanza bila kununua kitu. Siku 3 za kwanza ndizo mbaya zaidi. Kisha majuma 2 mpaka 4 mwili unatulia. Kila tamaa inapita kwa dakika chache: kunywa maji, tembea, ongea na mwenzako asiyevuta. Usianze siku ya kulipwa, wala siku ya matanga. Pombe inarudisha wengi, basi majuma yale uiache. Mwambie bibi yako tarehe, kusudi asishangae hasira. Na yule ambaye tayari anatumia sigareti ya umeme, asirudi katika sigareti: aache ya kawaida kabisa, halafu apunguze nikotini katika mvuke mpaka aiache nayo. Aje kumuona munganga, hasa ikiwa anakohola zaidi ya majuma 2, na aseme wazi anavuta nini na mara ngapi kwa siku.