Ukikutana na nyati, omba bunduki yako iwe na kucha!

Hivi msomaji wangu, ushawahi kujiuliza kwa nini kwenye sinema za mapigano bunduki ya steringi haikwami hata siku moja? Jamaa anapiga risasi mia mbili, haziishi, halafu anapuliza moshi kwenye mtutu, anamchukua mtoto mzuri na picha inakwisha. Sisi huku tunapiga miluzi. Basi leo isahau hiyo picha kabisa. Nakupeleka porini, kwenye nyasi zinazokufika shingoni, mbele ya nyati dume aliyejeruhiwa. Huko risasi moja tu ikikataa kuingia mahali pake, nyumbani kwenu wanatandika jamvi.

Stori yenyewe naitoa kwa babu yangu mzaa mama, ambaye enzi zake alikuwa bwana nyama. Kwa nyie mliozaliwa juzi, bwana nyama siyo muuza bucha wa Manzese. Ni yule askari wa wanyamapori aliyekuwa akiitwa kijijini pale tembo wanapomaliza mahindi au simba wanapoanza kuonja watu. Babu ana kovu kwenye paja la kushoto, refu kama rula ya shule. Tangu niko mdogo nikimuuliza ananipiga utani tu, "Nilikuwa namgombania bibi yako." Ukweli nimeambiwa mwaka jana, siku moja umeme umekatika na hatuna cha kuangalia.

Ilikuwa miaka ya sabini. Kuna nyati alikuwa amepigwa gobole na jangili, hakufa, akajificha kwenye kichaka karibu na njia ya wanawake wanaokwenda shamba. Babu na mwenzake wakaitwa. Wakafuata damu asubuhi nzima. Nyati akatokea hatua kama thelathini hivi. Babu akapiga, mnyama akaanguka, akainuka. Babu akavuta komeo la bunduki, ganda likaruka, akasukuma risasi ya pili ndani. Kabla hajafunga, nyasi zikatikisika upande mwingine, akashtuka, akavuta komeo tena na kusukuma tena. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Risasi ya pili ilikuwa imebaki chemba, ya tatu ikaja ikaigonga kwa nyuma, zote mbili zikakwama kama daladala mbili kwenye uchochoro mmoja. Akawa ameshika gongo! Mwenzake ndiye aliyemmaliza yule nyati, wakati huo pembe imeshapita pajani.

"Bunduki haikuwa na kucha, mjukuu wangu," akasema, kisha akaomba maji ya kunywa.

Kucha? Bunduki na kucha wapi na wapi? Hilo neno lilininyima usingizi, nikaanza kuchimba.

Twende polepole. Bunduki za uwindaji mkubwa zipo za aina mbili. Ipo ya mitutu miwili, inayofunguka katikati, unaweka risasi mbili unafunga. Hiyo risasi ya pili inatoka chap chap, ila ukishapiga hizo mbili uanze kupapasa mfukoni, na mpya ya daraja la juu kutoka London inapita pauni 100,000. Wewe na mimi tuiache. Ya pili ndiyo hii ya komeo. Angalia komeo la mlango wa chumba chako: unalisukuma mbele, unalikunja chini, mlango umefungwa. Raifo ya komeo ni hivyo hivyo. Unakunja juu, unavuta nyuma, ganda la zamani linatoka. Unasukuma mbele, risasi mpya inapanda kutoka magazini inaingia chemba. Unakunja chini, tayari.

Mjerumani mmoja wa mji wa Oberndorf, Paul Mauser, ndiye aliyeifikisha kazi hii mahali ambapo mafundi wengi mpaka kesho wanamwiga. Jeshi la Ujerumani liliichukua raifo yake mwaka 1898, ndiyo maana inaitwa Mauser 98. Mzee huyu hakuwa mtu wa kukaa ofisini: mwaka 1901 alipoteza jicho moja akijaribu bunduki yake nyingine ya kujikoki yenyewe. Sasa kwenye komeo la 98 kuna kipande kirefu cha chuma kinacholala ubavuni, kwenye ncha kimepinda. Hiyo ndiyo kucha. Risasi ikianza tu kupanda kutoka magazini, kitako chake kinateleza chini ya ile kucha na kushikwa. Kuanzia hapo risasi ni mali ya komeo. Ukisukuma inakwenda, ukighairi katikati ukavuta, inarudi nayo na kutupwa nje. Haiwezi kubaki chemba ikimsubiri mwenzake. Ukiwa umelala chali, ukiwa umeishika kichwa chini, bado imeshikwa.

Bunduki ya babu ilikuwa ya aina nyingine. Yenyewe inaisukuma tu risasi kwa nyuma kama mtoto anavyosukuma tairi, na kishikio chake kidogo hakiikamati mpaka ufunge komeo kabisa. Kwa kulenga shabaha au kupiga swala haina taabu hata kidogo, na ni rahisi kuitengeneza. Taabu ni pale mtu anaposhtuka katikati ya kazi. Na nani asiyeshtuka?

Piga hesabu na mimi. Nyati dume ana kilo 600, wengine wanafika 800. Akichanganya miguu anakimbia kilomita 50 kwa saa. Akiwa mita 20 kutoka ulipo, una kama sekunde moja na nusu. Muda wa kusema "Mama yangu!" mara moja, tena haraka.

Wamarekani nao waliwahi kujichanganya hapa. Raifo ya Winchester Model 70 ilitoka mwaka 1936 ikiwa na kucha ya Mauser, ikapendwa sana. Mwaka 1964 kiwanda kikaamua kubana matumizi, kucha ikaondolewa. Wateja wakaja juu! Mpaka leo Model 70 ya kabla ya 1964 inatafutwa kama dhahabu, na kiwanda chenyewe kiliirudisha kucha katika miaka ya tisini. Huku kwetu Afrika mtu wa kipato cha kawaida aliokolewa na Brno ZKK 602 ya Czechoslovakia, chuma kirefu, kizito, kimekaa Kimauser Mauser, kinachomeza risasi kubwa bila kulalamika.

Na risasi zenyewe si mchezo. Chukua .416 ya Rigby, kampuni iliyoanzia Dublin mwaka 1775 kisha ikahamia London. Waliitoa mwaka 1911 kwa ajili ya Mauser yenye mwili mkubwa, na mwaka uliofuata Holland & Holland wakajibu kwa .375 yao. Unaijua SMG, ile inayotajwa kwenye magazeti kila majambazi wakivamia duka? Kichwa cha risasi yake kina gramu kama 8. Cha .416 kina gramu 26 na ushee, na zote mbili zinatoka mtutuni kwa mita 700 na kitu kwa sekunde. Yaani mkong'oto mara tatu na zaidi. Halafu Rigby walifanya ujanja mmoja ninaoupenda: ganda walilifanya kubwa kuliko ilivyohitajika. Kisa? Baruti ya Waingereza ya wakati ule, kordaiti, ilikuwa ikipigwa na jua la tropiki inapandisha presha, ganda linavimba na kung'ang'ania chemba. Ganda likiwa na nafasi, presha inakuwa ndogo, linatoka lenyewe kwa hiari. Jamaa wa London wanafikiria jua la Kilombero!

Najua kuna mjuaji ataniambia, mbona yule Mskoti, W.D.M. Bell, aliua tembo zaidi ya elfu moja, na wengi kule Karamoja, Uganda, aliwaangusha kwa .275, risasi ndogo ya milimita 7? Kweli. Lakini Bell alilijua fuvu la tembo nje ndani, alikuwa na mkono usiotetemeka, na aliwinda enzi ambazo hakuna aliyemuuliza maswali. Usimuige. Siku hizi nchi nyingi zinazoruhusu uwindaji wa wanyama wakali zinataka .375 kwenda juu.

Haya, una mwili wa Mauser, una mtutu, una risasi. Ushapata bunduki? Hapana! Hapo ndipo fundi anapoanza kuvaa miwani. Bunduki ya kiwandani ya bei ya kawaida inaweza kuwa na kucha na bado ikakwama, kwa sababu magazini inataka kufuata umbo la risasi yenyewe. Paul Mauser alilijua hili: kila aina ya risasi alikuwa anaipigia hesabu ya boksi lake, upana, urefu na jinsi linavyobana mbele. Boksi likiwa pana, risasi zinacheza na kupandana. Likiwa jembamba, zinagoma kupanda. Juu ya boksi kuna kingo mbili za chuma zinazoizuia risasi isichomoke kabla ya wakati. Fundi anazipiga tupa kidogo, anajaribu, anapiga tena kidogo. Akizidisha kama unene wa unywele tu, chuma hakirudi, kazi ya wiki nzima imekwenda na maji. Halafu anasugua ule mteremko wa kuingilia chemba mpaka unang'aa, maana risasi za kichwa butu zinapenda kugonga hapo na kusimama.

Anajaribu kwa risasi za bandia, hazina baruti wala fataki. Anakoki taratibu, anakoki kwa hasira, anakoki nusu na kuvuta, anaigeuza bunduki miguu juu na kukoki tena. Mamia ya mara. Mimi ningeshalala.

Kwenye mbao nako kuna mambo. Teke la bunduki hizi ukilisikia leo, kesho unavaa shati kwa kusaidiwa. Mti wa walnut ndio mfalme, lakini siyo ule wenye michoro mizuri kila mahali. Pale shingoni unaposhika, nyuzi za mti lazima zinyooke, la sivyo teke linaupasua. Fundi anapitisha skrubu nene kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, na chuma anakilaza kwenye mbao kikae kama mguu kwenye kiatu kilichopimwa, maana pakibaki upenyo, kila teke linalipanua. Pete ya mkanda anaifunga kwenye mtutu wenyewe, siyo kwenye mbao, ili isikuchane vidole vya mkono wa mbele. Na uzito wa kilo nne na nusu hivi usiulalamikie, ndio unaomeza teke.

Kingine kilichonishangaza ni kilengeo. Nilidhani watu hawa wanatembea na darubini ndefu kama za sinema. Wapo wanaofunga darubini fupi, sikatai. Lakini ya kale kabisa ni herufi V pana nyuma, mbele punje nyeupe, basi. Inalengwa kwa umbali wa mita 50 hivi, na bunduki inachongwa kulingana na mwenye nayo: unafumba macho, unaiweka begani, unafumbua, unaikuta ile punje imeshakaa ndani ya V inakungoja. Ikiwa unatafuta, mbao bado. Kifyatulio nacho kisiwe chepesi mno, vidole vyenye woga havina adabu.

Sasa naomba tuelewane. Mimi siyo shabiki wa kuua mnyama ili upige naye picha ya kutundika sebuleni. Kenya waliufunga uwindaji mwaka 1977, sisi Tanzania tunauruhusu kwa leseni, na mabishano yake yangejaza gazeti zima. Na wewe kijana wa Tandika mwenye tupa na bomba la maji, usije ukasema gazeti limenifundisha. Kutengeneza silaha bila kibali ni kesi, na mimi dhamana sina.

Lakini kuna watu ambao kazi yao ni kuingia kwenye kile kichaka ili mama yako mdogo apite salama kwenda shamba. Hao ndio ninaowafikiria nikisoma kuhusu fundi anayekoki risasi za bandia mara mia nne kwenye meza yake. Babu hakuchagua bunduki, alipewa. Mwaka uliofuata, anasema, alipata nyingine yenye kucha, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuomba risasi zilizotolewa baruti akae nazo nyuma ya nyumba jioni nzima, bibi akidhani mumewe amerukwa na akili.

Sasa hivi ana miaka themanini na kitu, hata fimbo anaishika kwa taabu. Ila usiku akifunga mlango wa chumba chake mimi huwa namsikia kutoka sebuleni. Komeo linakwenda mbele, linakunjwa chini. Kimya kidogo. Halafu anakunja juu, analivuta nyuma lote, analirudisha mbele na kukunja chini tena, ndipo anapanda kitandani.