Sura ya Nne: Mtoto Aliyeitwa Kichwa Kizito

Utamkuta katika skuli nyingi za Pemba, kuanzia Mkoani hadi Micheweni. Amekaa nyuma, mwaka wa pili huu, na neno "samaki" bado linamtoa jasho. Wenzake wamemaliza ukurasa, yeye kidole chake kingali kinapapasa mstari wa kwanza. Nyumbani wanasema ana kichwa kizito, darasani anaitwa mvivu. Majina hayo hayajamfundisha mtu hata herufi moja. Basi kabla hatujamfungulia kitabu, tuitazame damu yake.

Mwaka 2001 jarida la tiba la BMJ lilichapisha utafiti uliofanywa hapa hapa Pemba na Rebecca Stoltzfus na wenzake. Walifuatilia watoto 614 wa miezi 6 hadi 59. Kwa miezi 12, wengine walipewa madini ya chuma kila siku, wengine dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu, wengine vyote viwili, na wengine dawa zisizo na kitu ndani ili kulinganisha. Waliopata chuma waliwazidi wasiokipata kwa pointi 0.8 katika kipimo cha lugha chenye pointi 20. Miongoni mwao, wale waliokuwa na upungufu mkubwa wa damu waliimarika viungo pia.

Pointi 0.8 si nyingi. Lakini zilipatikana bila mwalimu, bila kitabu, bila somo lolote. Chuma ndicho kinachoiwezesha damu kubeba oksijeni, na ubongo hukihitaji kutengeneza utando unaofunika nyuzi za neva, kama mpira unavyofunika waya wa umeme, ili ujumbe upite haraka. Minyoo ya safura hunyonya damu tumboni. Malaria huvunja chembe nyekundu. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na muhogo wa asubuhi hukizuia chuma kidogo kilichomo kisiingie mwilini. Mtoto huyo akisinzia saa nne, tunamchapa kwa kosa la damu yake.

Hata hivyo, usikimbilie dukani kununua vidonge. Pemba ilitoa funzo la pili, lenye uchungu. Katika jaribio jingine kubwa la hapa kisiwani, lililochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2006, watoto wadogo waliopewa chuma na asidi ya foliki bila kubagua walikuwa na hatari kubwa zaidi, kwa asilimia 12, ya kufa au kulazwa hospitali. Malaria ilikuwa kali wakati ule, na utoaji wa chuma ulisimamishwa mwaka 2003. Waliokuwa na upungufu wa kweli ndio walionufaika. Kwa hiyo mtoto apimwe kwanza. Apimwe na macho na masikio siku hiyo hiyo.

Sasa tuseme damu ni nzima, macho yanaona, masikio yanasikia, na "samaki" bado hasomeki. Hapa tumefika kwenye disleksia, yaani shida ya kujifunza kusoma, na Kiswahili kina namna yake ya kuificha. Maandishi yetu ni maaminifu: irabu tano, kila moja na sauti yake. Kwa hiyo mtoto mwenye shida hii mara nyingi hukosea kidogo tu, ila huenda polepole mno. Mpe neno "wanapowasomesha". Akifika kwenye "-mesha", "wanapo-" imeshamtoka kichwani. Maana haipati pa kukaa.

Na kwa nini mtoto huisoma b kama d? Stanislas Dehaene, mtafiti Mfaransa wa ubongo, ameeleza kwamba hakuna mtu anayezaliwa na sehemu ya ubongo ya kusomea. Tunaiazima sehemu inayotambua vitu na nyuso. Sehemu hiyo inajua kwamba ngalawa ikielekea Wete au ikirudi ni ngalawa ile ile. Herufi peke yake ndiyo inayodai kwamba ukiigeuza, imekuwa nyingine. Watoto wote huanza na kosa hili. Wengine huchelewa kuliacha.

Michezo ya simu inayouzwa kwa jina la kunoa ubongo humfanya mtoto awe hodari wa michezo hiyo, basi. Kinachomsaidia kusoma ni kuzichezea sauti za maneno na kuzifunga kwenye herufi. Na sisi tunao mchezo huo tangu zamani: kinyume. Silabi ya mwisho hutangulizwa, "samaki" akawa "kisama", "kitabu" kikawa "bukita". Askofu Edward Steere alikiweka kinyume katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja cha mwaka 1870. Watoto walikitumia kuficha siri zao, kumbe walikuwa wanafanya zoezi ambalo wataalamu wa leo wangelilipia.

Chukua punje za karafuu. Sema neno, mtoto aweke punje moja kwa kila silabi: sa, ma, ki. Hamisha punje ya mwisho mbele, alitamke neno jipya, kisha aliandike. Dakika kumi kila siku zinatosha, kwa neno fupi kwanza.

Katika chuo cha Kurani nako kuna msaada, kwa kuwa kuunganisha herufi ba na alama ya fataha ni kusoma kwa silabi. Ila maalimu awe macho: mtoto mwenye shida hukariri ukurasa mzima kwa sikio, akaonekana anasoma. Mwonyeshe herufi bila mpangilio, utajua.

Mama, baba, bibi unayelea mjukuu: wiki hii mpeleke kituo cha afya apimwe damu, chai muisogeze mbali na chakula, na jioni mkae naye barazani mcheze kinyume. Fimbo iwekeni chini.