Kupanua Diski ya Wingu Bila Kupoteza Data

Diski ya kompyuta pepe iliyo kwenye wingu ina matabaka matatu, na kila tabaka lina kipimo chake. Chini kabisa kuna diski yenyewe, kipande cha ghala kubwa la mtoa huduma kinachofikiwa kwa mtandao. Ndani yake kuna patisheni, yaani mpaka uliochorwa kwenye diski. Ndani ya mpaka huo umekaa mfumo wa faili, kama ext4 au XFS, unaojua kila faili limewekwa wapi. Aliyenunua kiwanja cha jirani bado hajaongeza chumba. Ndivyo ilivyo diski inapopanuliwa yenyewe tu.

Tangu Februari 2017, wateja wa Amazon wanaweza kupanua diski zake za wingu, ziitwazo EBS, huku seva ikiendelea na kazi. Wengi huongeza kutoka gigabaiti 8 hadi 20, kisha hukuta amri ya df -h bado inaonyesha 8, tena zimejaa. Hapo hofu huwaponza: mtu hufuta patisheni aichore upya kwa mkono, akikosea sekta ya mwanzo, mfumo wa faili haufunguki.

Ndiyo maana kazi huanza na snapshoti, yaani nakala ya diski ilivyo wakati huo, kabla ya kugusa chochote. Huu si ushauri wa hiari.

Diski ikishapanuliwa, amri ya lsblk huonyesha hali ilivyo: diski, nvme0n1, ina 20G, na chini yake patisheni, nvme0n1p1, ingali na 8G. Patisheni hupanuliwa kwa amri hii:

sudo growpart /dev/nvme0n1 1

Nafasi iliyo kabla ya 1 ni ya lazima, kwa kuwa 1 hiyo ni namba ya patisheni. Kisha mfumo wa faili hunyooshwa ujaze patisheni. Aina yake hujulikana kwa df -T. Kwa ext4 hutumika resize2fs pamoja na jina la patisheni, /dev/nvme0n1p1; kwa XFS hutumika xfs_growfs pamoja na mahali ulipopachikwa, kwa mfano /. Yote hufanyika bila kuzima seva.

Diski iliyojaa kabisa huleta kikwazo kingine. Growpart huhitaji kuandika faili dogo la muda ndani ya /tmp, na isipopata nafasi hukwama. Kufuta kumbukumbu za zamani za programu, au kupachika tmpfs, mfumo wa faili unaokaa kwenye RAM, kwenye /tmp, hutosha. Aidha, patisheni za mpangilio wa MBR kwa kawaida haziwezi kuvuka terabaiti 2. Zaidi ya hapo huhitajika mpangilio wa GPT.

Kupunguza ni habari nyingine kabisa. EBS hairuhusu diski kupunguzwa, XFS haikuundwa kwa kazi hiyo, na ext4 hupunguzwa ikiwa imebanduliwa tu. Anayetaka kurudi nyuma hulazimika kuunda diski mpya ndogo, kunakili data yote, kisha kuzibadilisha. Kwa hiyo nafasi iongezwe kwa kadiri ya mahitaji, kwani gigabaiti iliyoombwa hulipiwa hata ikikaa tupu.