Super VC10 ya Afrika Mashariki na mlango wake wa mizigo

Vickers VC10 si ndege moja. Zilitengenezwa 54 tu, lakini matoleo yake yanatofautiana kiasi kwamba mpenda modeli za plastiki anaweza kumaliza kazi ya wiki nzima, kisha akabandika stika za ndege ambayo siyo aliyoiunda.

Type 1101 ya BOAC, shirika la ndege la Uingereza, ndiyo fupi. Super VC10 iliyoifuata, iliyoruka mara ya kwanza Mei 1964, iliongezwa karibu mita 4 za kiwiliwili na tangi la mafuta ndani ya mkia. Jeshi la Anga la Uingereza likaagiza chotara: mwili mfupi, lakini wenye mabawa na tangi la mkiani la Super. Katika familia hii kuna toleo ambalo wasomaji wa Afrika Mashariki wangepaswa kulijua vizuri kuliko mtu yeyote, nalo ni Type 1154. Zilitengenezwa tano tu, zote kwa ajili ya East African Airways, na ya kwanza ilikabidhiwa mwaka 1966.

Kinachoitofautisha na Super ya BOAC ni mlango mkubwa wa mizigo, ulioko mbele upande wa kushoto, unaofungukia juu. Shirika lilitaka ndege moja iweze kubeba shehena mbele na abiria nyuma kati ya Nairobi na London. Kwa hiyo mtu akichukua modeli ya Super VC10 ya Airfix ya miaka ya 1960, iliyoundwa kwa mfano wa ndege ya BOAC, akaibandika nembo ya simba ya East African bila kugusa kiwiliwili, amepata ndege ambayo haijawahi kuruka.

Kampuni ya modeli Roden ya Ukraine imerahisisha mambo kwa kutoa boksi la Type 1154 kwa uwiano wa 1:144, modeli yenye urefu wa kama sentimita 36. Mwenye boksi la zamani naye asikate tamaa. Achore mlango kwenye nusu ya kushoto kabla ya kugundisha nusu mbili, wakati plastiki bado inalala vizuri mezani. Utepe mgumu unabandikwa kuwa rula, kisha sindano inapitishwa kidogo kidogo mara nyingi, kwani ukikandamiza mara moja inateleza na kukwaruza ubavu mzima. Kona ni za mviringo. Safu ya madirisha inapita ndani ya mlango wenyewe, kwa hiyo mistari ya wima lazima ishuke katikati ya dirisha na dirisha. Kwenye modeli mlango huo una upana wa zaidi ya milimita 20, na jicho huuona upesi.

Mabawa nayo yana hadithi yake. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, injini zinapungukiwa nguvu na bawa linapungukiwa mwinuko. Wahandisi wa Vickers waliweka injini zote nne za Rolls-Royce Conway nyuma, bawa likabaki safi kwa ajili ya vipanuzi vya mbele na nyuma vya kulisaidia kunyanyua. Gharama yake ilikuwa uzito na mafuta mengi, na viwanja viliporefushwa njia za kurukia, Boeing 707 ikachukua soko.

Usajili wa zile Type 1154 tano uligawanywa kwa nchi tatu: 5X-UVA na 5X-UVJ Uganda, 5H-MMT na 5H-MOG Tanzania, 5Y-ADA Kenya. Anayechagua 5X-UVA akumbuke kwamba ilianguka Addis Ababa Aprili 18, 1972 na kuua watu 43. Modeli yake isioneshwe kama ya miaka ya baadaye. Nyingine nne ziliondoka shirika liliposambaratika mwaka 1977.

Inauma kwamba hakuna hata moja iliyobaki huku. Anayetafuta picha za kumwongoza kupaka rangi huzipata kwa Waingereza, ilhali marubani, mafundi na wahudumu wa shirika hilo walikuwa watu wetu, na albamu zao zinaliwa na mchwa majumbani. Nyaraka za taifa za nchi zetu tatu zingeweza kuzikusanya, na kazi hiyo haingoji bajeti ya makumbusho ya ndege.

Zile nne zilizoondoka zilinunuliwa na Jeshi la Anga la Uingereza, zikawa K.3 za kujaza ndege nyingine mafuta angani. Matangi ya ziada yaliingizwa kupitia mlango ule ule. 5H-MMT, ikiitwa ZA147, ndiyo iliyoruka safari ya mwisho ya VC10 duniani, Septemba 25, 2013. 5H-MOG, VC10 ya mwisho kutengenezwa, ilitua Dunsfold, Uingereza, siku moja kabla ili ihifadhiwe.