Moteri ya trakteri ya zamani: pima mbele ya kununua



Siye wa Haut-Katanga tunaijua vizuri hii hesabu: Zambia ikifunga mlango wa mahindi, bei ya unga inapanda Lubumbashi na bukari inapunguka ku meza. Kila mwaka tunasema "turudi ku mashamba". Lakini mvua inaanza karibu na mwezi wa 11, na udongo wa kipwa unakuwa nguvu kama tofali. Mwenye kutegemea jembe peke yake atalima kipande kidogo tu. Na mara mingi trakteri iko mu shamba la familia: imelala chini ya muembe, kuku wanatagia pembeni, na watu wanasema "moteri ilikufa".

Leo tuelezane kazi ya kufufua moteri ya namna hiyo: kuitoa, kuitengeneza, kuirudisha fasi yake. Si lazima kila mmoja wetu awe fundi. Lakini siku familia itakuuliza wewe mwenye diplome, "Tutoe pesa ao tuache?", inafaa ujue maulizo ya kumuuliza fundi. Familia inaweza kuuza ngombe wawili juu ya moteri ile. Ikikufa tena nyuma ya mwezi moja, ngombe hawarudi, na msimu umepita.

Tuchukue mfano moja: Massey Ferguson 135, ile nyekundu iliyotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1964, na ambayo imeenea sana mu Afrika. Tunasema juu ya ile yenye moteri ya mazutu ya Perkins, AD3.152. Ina silindri tatu. Upana wa kila silindri ni milimita 91,4 na pistoni inatembea milimita 127 kutoka chini hadi juu. Piga hesabu ya ujazo mara tatu, utapata karibu litri 2,5. Nguvu yake ni kama farasi 45.

1. Ilikufa na nini?

Hili njo ulizo la kwanza, na njo lile watu wanarukaka. Wanakimbia kununua pistoni na segma mpya, wanafunga, trakteri inawaka, wote wanapiga makofi. Lakini kile kilichoua moteri ya kwanza kiko palepale, kinangojea ya pili.

Moshi unasema mambo. Moshi wa bluu: mafuta ya moteri yanaungua ndani, maana segma ao supape hazizuii tena. Moshi mweusi: mazutu ni mengi kuliko hewa. Moshi mweupe usioisha hata moteri ikisha kupata moto: mazutu haiungui vizuri, ao maji yanaingia mu silindri. Mafuta yakiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia ndani yake.

Huku kwetu muuaji mkubwa ni vumbi. Moteri hii ikizunguka mara 2000 kwa dakika, inavuta karibu litri 2500 za hewa kila dakika. Na pistoni? Kila mzunguko inashuka milimita 127 na kupanda milimita 127. Kwa saa moja inatembea kilometa 30 ndani ya silindri. Siku ya kazi ya masaa 8, ni kama kutoka Lubumbashi kwenda Likasi na kurudi. Sasa weka vumbi jekundu mu safari hiyo: mpira wa kati ya filtri ya hewa na moteri ukiwa na ufa mudogo tu, silindri inasagwa kama kwa karatasi ya msasa.

Kwa hiyo mbele ya kufungua, andika mu kaye: hali ya filtri ya hewa, mipira yote, radiateri, maji, mafuta. Ukikuta radiateri imejaa udongo na pistoni zimekwaruzwa na moto, sababu unayo. Ukikuta silindri imelika sana juu, fasi segma inageukia, angalia njia ya hewa kwanza.

2. Kuitoa: moteri njo uti wa mgongo

Gari iko na shasi. Unainua moteri na gari inabaki imesimama. Trakteri hii haina shasi. Mbele ya moteri kumefungwa ekseli ya magurudumu madogo, nyuma yake kumefungwa bwati ya vitesi. Ukifungua bulo za kati, trakteri inakatika vipande viwili.

Njo maana kutayarisha ni jambo la uzima wa mtu. Fasi ya kazi iwe sawa na nguvu, beto ikiwezekana. Bwati ya vitesi isimamishwe juu ya vikalio vya chuma ao magogo mazito, si juu ya kriki peke yake. Ekseli ya mbele inachezaka kushoto na kuume juu ya pini yake. Piga kabari za mbao pande zote mbili, kama sivyo upande wa mbele utapinduka siku unaachana na wa nyuma. Toa waya za batri kwanza, kisha maji, mafuta, kapo, tangi ya mazutu, radiateri, na vyuma vya sukani. Moteri inapita kilo 200, kwa hiyo palani na mnyororo vinavyojulikana nguvu yake. Mtu asiweke mguu chini yake hata sekunde moja.

3. Kupima: hapa pesa inaokoka ao inapotea

Kila kitu kinachotoka kiandikwe. Biyeli namba 1, 2 na 3, na upande inaangalia. Kofia za vilbrekeni, zote nne, kila moja na fasi yake. Zile kofia zilichongwa pamoja na bloku. Ukizichanganya, vilbrekeni haitazunguka sawa.

Kisha toa mikrometa. Silindri inapimwa juu, katikati na chini, na kila fasi mara mbili: kwa urefu wa moteri na kwa upana wake. Vilbrekeni inapimwa vilevile, ili kujua kama imekuwa yai. Ikiwa imelika, turneri ataisaga. Kwa kawaida inashuka kwa ngazi: milimita 0,25, kisha 0,50, kisha 0,75, na kusineti mpya zinanunuliwa za ngazi ileile. Sasa ona hasara: mtu ananunua kusineti za kipimo cha kwanza mbele ya vilbrekeni kufika kwa turneri. Zikirudi, hazina kazi. Pesa ya msafara imeisha, na duka halirudishi.

Shemizi nazo zina swali lake. Ku moteri hii zinaingia mu bloku kwa nguvu ya presi. Kuna za kuweka tu, na kuna zinazobakia kuchongwa zikisha ingia. Uliza muuzaji mbele ya kulipa. Na kama anakuja mtu na nyundo kuziingiza, mshukuru na umrudishe kwake.

Kilasi iwekewe rula ya chuma juu, na utafute mwanga chini yake: ikiwa imepinda, gasketi mpya (ile mafundi wanaita joint) itaungua tena. Tafuta pia nyufa kati ya supape. Supape zikisha kusagwa, geuza kilasi, mimina mazutu ndani ya vishimo vyake na ungojee. Ikivuja, kazi haijaisha.

Sasa tu, na kaye ikiwa imejaa namba, njo unaandika orodha ya piesi.

4. Kuifunga: usafi na utaratibu

Osha mpaka njia ndogo za mafuta ndani ya vilbrekeni. Chembe moja ya chuma iliyobaki baada ya kusaga inaweza kukata kusineti mpya siku ya kwanza. Segma ziingize kwanza peke yake mu silindri na upime mwanya wa ncha zake. Mu pistoni, ncha zisipangwe mstari moja. Kila kofia ukiifunga, zungusha vilbrekeni kwa mkono. Ikikataa, simama hapo hapo. Ukiendelea, utafungua vyote kutafuta kosa la kofia moja.

Bulo zifungwe na ufunguo wa dinamometri, kwa namba za kitabu cha moteri. Za kilasi zinaanzia katikati kwenda nje, kwa hatua, si kwa pumzi moja.

Kisha meno ya mbele. Moteri ya mazutu haina buji ya kuwasha moto. Hewa inakazwa mpaka inapata moto mkali, na mazutu inapulizwa kwa wakati wake kamili. Huo wakati unapangwa na magurudumu ya meno yenye alama: la vilbrekeni, la katikati, la supape, na la pompi ya enjeksiyo. Alama ziangaliane zote. Jino moja tu likipita, moteri itakataa kuwaka, ao itagonga, ao supape itakutana na pistoni. Zamu ya silindri ni 1, 2, 3. Nafasi ya supape moteri ikiwa baridi ni milimita 0,30.

5. Kuirudisha: usivute na bulo

Ambreyaji ya trakteri hii, mara mingi, ni mbili ndani ya moja: nusu ya pedali inasimamisha mwendo, pedali yote inasimamisha hata shimoni ya nyuma inayozungusha mashine. Kwa hiyo kuna shimoni mbili, moja ndani ya nyingine, na zote zina meno ya kuingia mu diski zake. Diski zinyooshwe na kipande cha katikati. Turneri anaweza kukichonga hata mu mti mgumu.

Sukuma moteri polepole kuelekea bwati, ikiwa sawa kwa juu na chini. Ikibaki mwanya wa vidole viwili, zungusha moteri kidogo kwa mkono, kisha shimoni ya nyuma, mpaka meno yapatane. Pande mbili zinapaswa kukutana kwa kusukuma tu. Mtu akianza kuvuta mwanya ule kwa kukaza bulo, chuma cha kumwagwa kinapasuka sikio, ao diski inapinda. Hasara hiyo mara mingi inapita bei ya segma zote. Kabari za ekseli zitoke mwisho kabisa.

6. Siku ya kuwasha

Mafuta mapya, filtri mpya, maji safi. Vuta kamba ya kuzima ili mazutu isiende, kisha zungusha na demareri kwa vipande vifupi mpaka saa ya mafuta ipande. Toa hewa mu njia ya mazutu: filtri, pompi, kisha injekteri. Ikisha waka, usiiache inguruma pole siku nzima eti "inajizoeza". Segma zinahitaji kazi ya wastani ili zikae vizuri ku silindri. Siku za kwanza ivute rimoki, isilime udongo mgumu. Nyuma ya masaa 25 hivi, badilisha mafuta, na fuata kitabu juu ya kukaza kilasi na kupima supape tena.

Wandugu, fundi wa kijiji ana sikio na mkono ambao chuo hakikutupatia. Tusiende kumfundisha kazi yake. Twende na kaye, mikrometa na ulizo moja: "Fundi, ilikufa na nini?" Akijibu "piesi zilizeeka" tu, ngombe wasiuzwe bado. Na trakteri ikirudi shambani, mtu moja apewe kazi ya kufungua filtri ya hewa kila asubuhi ya kipwa, atazame mafuta yake, na aandike tarehe. Ni dakika kumi, na ni kinga ya bei ndogo kuliko zote.