Sponji Haimzuii Jirani Kusikia

Novemba 2022, Gavana wa Nairobi, Johnson Sakaja, alitangaza kufuta leseni za vilabu vya usiku vilivyomo kwenye majengo ya makazi, kwa sababu ya kelele. Mwaka uliofuata NEMC, baraza linalosimamia mazingira Tanzania, likafungia baa na kumbi kadhaa jijini Dar es Salaam kwa kosa hilo hilo la kelele. Kwa wenye baa ilikuwa hasara. Kwa mafundi wa jipsamu, wauza sponji na waagizaji wa pamba ya mawe, ilikuwa milango ya soko kufunguka. Waongeze wenye studio za muziki, makanisa yenye spika kubwa na vijana wanaorekodi podikasti vyumbani mwao, utaona kwamba biashara hii haina shida ya wateja. Shida ni kwamba wengi wao huuziwa kitu kisichofanya kazi waliyoilipia.

Kazi zenyewe ni mbili, na kila moja ina vifaa vyake. Ya kwanza ni kuzuia sauti isivuke ukuta. Ya pili ni kutuliza sauti iliyobaki ndani, isigonge ukuta na kurudi hadi maneno yakapoteza umbo.

Kinachozuia sauti isivuke ni uzito. Ukuta wa zege wenye unene wa sentimita 15 una uzito wa takriban kilo 345 kwa kila mita ya mraba. Sponji ya sentimita tano, ile yenye meno meno inayobandikwa kwenye studio za mitaani, haifiki hata kilo mbili kwa eneo hilo hilo. Muziki wa baa unapita humo kama maji kwenye chujio. Trei za mayai ni duni zaidi: ni karatasi nyepesi, na hazijawahi kumzuia jirani kusikia chochote.

Hata uzito nao una mipaka ya mfuko. Kwa hesabu za wahandisi, ukiongeza uzito wa ukuta mara mbili unapunguza takriban desibeli sita tu, wakati sikio huhitaji upungufu wa kama desibeli kumi ili lihisi kelele imeshuka nusu. Ndiyo maana mafundi wenye ujuzi hawarundiki matofali. Hujenga ukuta wa pili wa jipsamu usiogusana na ule wa kwanza, kwa fremu yake yenyewe, kisha hujaza pamba ya mawe katikati. Ule mtengano ndio unaofanya kazi kubwa, kwa sababu mtikisiko wa ukuta mmoja unakosa njia ya kufika kwenye wa pili.

Halafu kuna matundu. Ikiwa asilimia moja tu ya ukuta iko wazi, ukuta mzima hauwezi kupunguza zaidi ya desibeli 20, hata ungejengwa kwa risasi. Tundu hilo mara nyingi ni upenyo chini ya mlango, dirisha la vioo vya kupangwa au bomba la kiyoyozi. Mwenye bajeti ndogo angeanza hapo: mlango mzito wa mbao ngumu, mpira kuzunguka fremu, silikoni kwenye kila ufa. Si kazi ya kupigia picha, lakini hakuna shilingi inayorudisha faida haraka kuliko hiyo.

Kwa kazi ya pili, sponji ina nafasi yake. Elimu ya kutuliza sauti ilianza mwaka 1895 katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ambako ukumbi mpya wa mihadhara ulivuma kiasi kwamba neno moja lilichukua zaidi ya sekunde tano kupotea. Mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, alikesha na wasaidizi wake wakihamisha mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani, huku akipima kwa saa muda wa mvumo. Alithibitisha kwamba vitu laini vyenye vinyweleo humeza sauti kwa kiwango kinachoweza kukokotolewa kabla ya ujenzi. Ukumbi wa muziki wa Boston, uliofunguliwa mwaka 1900, ulijengwa kwa hesabu zake.

Ila unene ndio unaoamua. Wimbi la besi la hezi 100 lina urefu wa mita 3.4, sponji ya sentimita tano hailigusi. Inameza sauti nyembamba tu, na chumba kinabaki kizito, besi ikinguruma kwenye kona. Paneli ya pamba ya mawe yenye sentimita kumi au zaidi, ikiachiwa nafasi ya hewa nyuma yake, husaidia zaidi. Nafasi hiyo ya hewa hailipiwi.

Sababu kubwa ya kuchagua kwa makini, hata hivyo, ni moto. Februari 20, 2003, fataki za jukwaani ziliwasha sponji ya ukutani katika klabu ya The Station, Rhode Island, Marekani, watu 100 wakafa. Januari 2013, klabu ya Kiss mjini Santa Maria, Brazili, iliua watu 242 kwa njia ile ile, wengi wakilemewa na moshi wenye sumu. Pamba ya mawe hustahimili joto la zaidi ya nyuzi 1,000 bila kuyeyuka. Inawasha ngozi, hivyo fundi avae glavu na barakoa na paneli zifunikwe kitambaa, lakini haiui ukumbi mzima.

Malighafi ya hapa kwetu pia ipo: pwani yetu ina makumbi ya nazi na mkonge. Tanzania ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge mwaka 1964. Nyuzi hizi humeza sauti, na watafiti wa Malaysia wamezipima za nazi kwa kazi hiyo. Zikitibiwa dhidi ya moto na wadudu, ni bidhaa inayosubiri mwekezaji.

Kabla ya kulipa, mteja amwombe muuzaji cheti cha kipimo cha moto cha bidhaa hiyo hiyo anayoinunua. Asiyekuwa nacho asipewe nafasi ya kubandika chochote kwenye ukumbi wa watu.