Pakiti ya ORS: Pima Maji Kabla ya Kumpa Mtoto

Mtoto mdogo anayeharisha au kutapika hupoteza maji na chumvi mwilini kwa haraka kuliko mtu mzima. Dalili zake ni kinywa kukauka, kulia bila machozi, kukojoa kidogo, macho kuingia ndani na, kwa mtoto mchanga, utosi kubonyea.

Tunawashauri wazazi na walezi waanze kumpa mtoto ORS mapema, pasipo kusubiri dalili hizo. Unaponunua, hakikisha pakiti haijachanika na muda wake wa matumizi haujapita. Kisha soma kiasi cha maji kilichoandikwa, kwa kuwa pakiti hutofautiana: baadhi huhitaji lita 1, nyingine nusu lita. Maji yakipungua, chumvi huzidi na kumdhuru mtoto. Yakizidi, dawa hupungua nguvu. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, wala usiongeze sukari. Mnyweshe kidogo kidogo kwa kijiko, na endelea kumnyonyesha. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya saa 24 umwagwe. Soda haichukui nafasi ya ORS.

Mtoto akilegea, akishindwa kunywa au akiharisha damu, mpeleke kituo cha afya bila kuchelewa.